Mganga Kwenye Msiba wa Mama Mkwe

Msibani kwetu alikuja mganga.

Tena hakuja kwa kunyemelea. Alipita mlango wa mbele, kanisa zima limekaa, mzee wa kanisa ameshika Biblia.

Ngoja nianze vizuri, maana nikikurupuka mtasema natunga.

Mama mkwe wangu, Pyo Gapsun, alikuwa nguzo ya kanisa pale Songam, kijiji cha wakulima wa vitunguu saumu kusini mwa Korea. Ukimtaja Mama Pyo, hata mbwa wa pale wanamjua. Sala ya alfajiri, yeye ndiye anafungua kanisa. Akipika wali, anachota kwanza kijiko kimoja cha mchele na kukiweka kando kwa ajili ya kanisa.

Alipofariki, kijiji kililia. Mimi pia nililia, na sikuwa nalia kwa adabu ya mkwe.

Tulikuwa jikoni tunakatakata figili za supu ya waombolezaji. Shemasi Eom, jirani yetu, akanisogelea.

"Mama Seulgi, nikikwambia kitu utanichukia?"

"Inategemea."

"Mama mkwe wako alikuwa anaenda kwa Okrye."

Kisu kikanisimama mkononi. Okrye ni mganga wa kupunga pepo. Anakaa ng'ambo ya daraja, mlangoni kwake amesimika mwanzi wenye vitambaa vyekundu na vyeupe.

"Kwenda kufanya nini?"

"Mtu huenda kwa mganga kufanya nini, kunyolewa? Kila siku ya soko, na furushi lake. Akitoka anacheka peke yake."

Furushi nililijua. Nililifunga mimi mwenyewe mara nyingi. Aliniambia ni chakula cha mgonjwa.

Huyu mama ndiye aliyenikataza kuinama mbele ya picha ya baba yangu mzazi alipokufa. Kwa Wakristo wa kwetu, marehemu unamwekea ua jeupe na kusali, basi. Kumsujudia ni ibada ya mizimu. Ndugu zangu wote waliinama, mimi nikasimama wima, na shangazi zangu hawajanisemesha tangu siku ile. Halafu yeye alikuwa anapigiwa kengele za mashetani? Nilihisi nimechezewa.

Maneno ya jikoni hayalali jikoni. Mzee wa kanisa Namgung akatuita pembeni, mimi na mume wangu Cheolgyu.

"Mwanangu, nimesikia jambo. Ni kweli?"

Cheolgyu akaangalia soksi zake.

"Kama ni kweli, mimi simziki kwenye makaburi ya kanisa. Mtamzika shambani kwenu."

"Baba amelala pale," Cheolgyu akasema. "Nafasi ya mama ilishaachwa ubavuni kwake."

"Najua. Niliiacha mimi."

Nikatamani kumtetea, lakini ningesema nini? Nami nilikuwa namshuku. Niliiangalia picha yake mle ndani, anatabasamu, nikaona kama ananicheka.

Ndipo Okrye akaingia.

Alivaa nguo nyeupe tupu, bila kengele, bila rangi usoni. Vijiko vikabaki hewani. Namgung akasimama kumzuia.

"Okrye, hapa hapapungwi pepo."

"Sijaja kazini, Namgung. Sogea, magoti yananiuma."

Akasogea. Sijui kwa nini, ila alisogea.

Okrye akaiendea picha, akapiga magoti, akaweka viganja kwenye paji la uso na kuinama mpaka chini. Akainuka. Tukasubiri arudie, maana kwetu hata mtoto mdogo anajua: aliyekufa anainamiwa mara mbili, aliye hai mara moja.

Hakurudia. Alinyoosha sketi yake akakaa.

Namgung akacheka kwa pua. "Mganga mzima umesahau hesabu?"

"Wafu ndio kazi yangu. Nitasahauje?"

"Basi imebaki moja."

"Hiyo ni ya maiti. Gapsun aliniambia yeye hafi, anatangulia tu. Nilimwambia, siku yako ikifika nitakupigia ngoma niisindikize roho yako. Akacheka mpaka wali ukampalia. Akasema usijisumbue, we njoo unisalimie. Basi nimekuja kumsalimia."

Nikashindwa kujizuia. "Bibi, mama alikuwa anafuata nini kwako?"

"Kula."

"Kula tu?"

"Kula tu. Nani mwingine kijiji hiki amewahi kutia kijiko kwangu? Mnasema wali wa mganga una mashetani. Yeye alikuja na wake, akauchanganya na wangu, tukala. Hakuniuliza bahati ya mtu hata siku moja. Na kwenda kanisani hakunilazimisha."

Akatuangalia mmoja mmoja, macho yetu yamevimba.

"Ninyi mnaliaje hivyo? Kwani hamkumwamini?"

Shemasi Eom aliinuka akaenda kuchota supu, akamletea Okrye bakuli, akakaa mbele yake na bakuli lake mwenyewe.

Namgung akamwambia Cheolgyu, bila kumtazama, "Kachimbeni pale kwa baba yako."

Mimi miguu ilinipeleka yenyewe mbele ya picha. Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa na aibu, na nilimkumbuka sana. Nikapiga magoti, kanisa zima linaniona, nikainama.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Namgung, imekauka.

"Moja tu, Mama Seulgi."

Ndugu zangu mnaosoma, mle ndani tulijaa waumini, na aliyeliamini neno la mama alikuwa mganga. Ukimwona mtu anaingia nyumba unayoiogopa, usikimbilie kumhukumu. Huenda ameenda kula na mtu ambaye wewe umemwacha ale peke yake.