Ruhusa ya Mshindani

Siku yangu ya kwanza ya uwakili nilifika ofisini Chake Chake nimevaa koti jeusi, nikitarajia kupelekwa mahakamani. Mwenye ofisi, ambaye sote tulimwita Wakili Mkuu, alinitazama kisha akaniambia nivue koti. Tulikwenda Vitongoji kwa fundi wa kuchomelea vyuma aliyefungiwa banda lake. Asubuhi nzima Wakili Mkuu alimuuliza vyuma vinakatwaje na cheche zinarukia wapi. Tulipokuwa tunarudi akasema, “Sheria utaikuta kabatini siku yoyote. Kazi ya mteja usipoiona mwenyewe, utaitetea kama habari uliyosimuliwa.”

Ofisi ile ilitetea wenye biashara ndogo, na kesi nyingi zilihusu leseni. Vijana mnaosoma sheria sasa mjue tofauti moja iliyotulisha miaka yote. Sheria mama hupitishwa na wawakilishi wa wananchi. Kanuni huandikwa baadaye na wizara, kwa ajili ya kuitekeleza. Kanuni haina ruhusa ya kwenda mbali kuliko sheria iliyoizaa, lakini mara nyingi ilikwenda, na anayeumia alikuwa mtu wa chini asiyejua kwamba inaweza kupingwa.

Baada ya muda nilihamishiwa Mkoani kusimamia tawi letu. Hapo ndipo alipokuja Bi Riziki, mchuuzi wa samaki wa Wambaa. Alikuwa mjane, mpole wa sauti, na hakukaa mpaka nilipomwomba mara ya pili. Samaki wake walikuwa wakiharibika kwa kukosa barafu, kwa hiyo alinunua mashine ya kugandisha akaiweka kwenye chumba cha uani. Akaomba leseni. Afisa wa leseni akakagua maji, umeme na usafi, akaridhika na vyote. Kilichobaki ni barua ya kutopinga iliyotakiwa na kanuni, yaani mwenye kiwanda cha barafu kilichokuwepo akubali kwa maandishi kwamba mwengine aanze.

Mwenye kiwanda hicho alikuwa Mzee Faki, na alikataa kuandika. Bi Riziki akasubiri, samaki wakaendelea kuoza, mwisho akaiwasha mashine. Watu wa leseni walikuja kuifunga kwa lakiri, naye akashitakiwa kwa kufanya biashara bila leseni.

“Mwanangu,” aliniambia, “mie sikuiba kitu. Nimegandisha maji.”

Nilimweleza kwamba akitiwa hatiani mashine itataifishwa. Alikunja ncha ya mtandio wake, akauliza kesi ni lini.

Upande wa mashtaka ulimleta Mzee Faki athibitishe kwamba hakutoa barua. Wakili Mkuu alikuwa amekuja kutoka Chake Chake, amekaa pembeni yangu. Shahidi akishamaliza, wakili wa upande wa pili hupata nafasi ya kumdodosa, yaani kumhoji ili kuupima ushahidi wake. Nilikuwa nimetayarisha maswali mengi ya kumwonesha Mzee Faki kuwa mtu wa choyo. Wakili Mkuu akaninong'oneza, “Yaache yote. Muulize kwa nini alikataa, kisha ukae.”

Niliogopa. Tulifundishwa tusimuulize shahidi swali ambalo jawabu lake hatulijui. Lakini nilisimama nikamuuliza.

Mzee Faki alimtazama Hakimu, si mimi. “Mheshimiwa, mie nauza barafu. Walikuja kuniuliza kama nataka mwenzangu naye auze barafu. Sasa walitaraji niwajibu nini? Bi Riziki simchukii, tunazikana. Lakini suala lile halikuwa la kuulizwa mie.”

Nilikaa. Hakimu aliandika kwa muda mrefu.

Katika hukumu, Hakimu alisema sheria mama imempa afisa wa serikali uwezo wa kutoa leseni, na haikumpa mfanyabiashara uwezo wa kumzuia mfanyabiashara mwenziwe. Sharti lile la kanuni halikuwa na nguvu. Bi Riziki akaachiwa huru. Serikali ilikata rufaa, tukashinda tena, na sharti likaondolewa kwa wote. Ila mashine ilikuwa imekaa imefungwa muda wote huo, chumvi ya pwani imeila, na Bi Riziki aliuza vyombo vyake vya ndani kuifufua. Siku hizi wanawe ndio wanaoiendesha.

Sasa nimestaafu, na watu hunisifu kwa kesi ile. Mimi huwakumbuka zaidi nilioshindwa kuwaokoa. Mmoja ni kinyozi wa hapa Chake Chake. Kanuni ilimtaka awe na chumba chenye bomba na sakafu ya vigae, uwezo huo hana, na sheria mama safari ile ilikuwa upande wa kanuni. Nilipigania mpaka rufaa, nikashindwa kihalali, leseni akanyimwa, duka likafungwa. Hakuninunia hata siku moja.

Kila Ijumaa kabla ya sala huja barazani kwangu na mkasi wake ndani ya mfuko wa nailoni. Ananifunga shuka shingoni, anauliza hali ya watoto, anaanza kazi. Nami, niliyekula kiapo cha kuilinda sheria, nainamisha kichwa na kufumba macho.