Alipimwa Amesimama

Nilipokuwa mtoto, kwetu Mlowo mgonjwa hakupimwa nguo. Kupimwa damu sawa, kupimwa uzito kwenye mizani ya zahanati sawa, lakini futi ya fundi cherehani haikumgusa mtu aliye kitandani. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeulinda mwiko huo nyumbani. Kila Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani, na hakuona kama mambo hayo mawili yanagombana.

"Anayepimwa amelala," alizoea kusema, "fundi wake ni seremala."

Tulijua maana yake. Mtu akifa, seremala alikuja na fito, akampima maiti toka kichwani hadi kisiginoni, akaikata fito hapo hapo, akaenda nayo kuranda mbao. Siku ya maziko fito ilitupwa kaburini. Sisi watoto hatukuthubutu kuchezea fito iliyonyooka sana.

Mama aliugua nikiwa darasa la nne. Ilikuwa saratani ya kizazi, jina nililolijua baadaye. Wakati ule tuliambiwa ni tumbo. Alikwenda Mbeya, akaenda Dar es Salaam akakaa miezi, akarudi amekonda. Ninachokumbuka kuliko maumivu yake ni uchovu, wake na wetu. Kuchemsha maji, kufua mashuka, kuanika, kuanua mvua ikinyemelea, kuchemsha tena. Baba alikuwa akinunua kahawa vijijini. Akirudi alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni. Wageni walileta sala na sukari, wakaondoka. Nasikia watu wakisema imani huondoa mzigo. Kwetu haikuuondoa. Mama aliamka kila asubuhi akaukuta palepale alipouacha.

Alichofanya ni kuimba. Kanisa letu lilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na jioni kwaya ilipofanya mazoezi, malori ya Tunduma yalipita yakaumeza wimbo, kisha yakaurudisha. Mama, kitandani, alingoja lori lipite, akaingia na sauti yake ya pili mahali walipofika wenzake. Sikumsikia akikosea mahali pa kuingia.

Mwaka ule kwaya ilinunua vitenge vya sare ya Pasaka, vya kijani, vyenye maua meupe kama ya mti wa kahawa. Fundi, jirani yetu Mama Tumaini, alipita nyumba kwa nyumba futi ikining'inia shingoni. Bibi alimkuta mlangoni.

"Huyu mwache. Atavaa ile ya zamani."

Mama akajibu kutoka ndani, "Mama, ile ya zamani sasa tunaenea wawili, mimi na wewe."

Bibi hakucheka. Fundi naye aliikunja futi akaitia mfukoni, nikaona amefarijika kukatazwa.

Siku mbili baadaye Bibi alikwenda kupalilia maharage. Mama akaniita, akaniambia nilete uzi wa katani wa kushonea magunia, rula yangu ya shule, na kalamu. Nilielewa mara moja. Nikamwambia kwamba Bibi amekataza.

"Amekataza nini? Yarudie maneno yake."

Nikayarudia yote, hadi seremala.

"Basi nisaidie kusimama," akasema.

Ilituchukua muda mrefu. Alishusha mguu mmoja, akapumzika, akashusha wa pili, akapumzika. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili na jasho likamtoka kama mtu anayepanda mlima. Nilimzungushia uzi kifuani na kiunoni, nikaunyoosha toka begani hadi kifundoni, na kila mara niliulaza sakafuni na kuhesabu kwa rula.

"Pima vizuri," alisema huku akihema. "Usije ukanishonesha gunia."

Namba niliziandika nyuma ya kitabu chake cha nyimbo. Nilipodhani tumemaliza, akaniambia nimpime na toka kichwani hadi kisiginoni.

"Gauni halifiki kichwani, mama."

"Andika tu."

Nikaandika. Kisha nikamuuliza nililokuwa nimelibana tangu mvua za kwanza, kama atapona. Alisema hajui, na kwamba hajampa Mungu masharti. Anachoomba ni Pasaka asimame na wenzake. Halafu akaomba arudishwe kitandani.

Namba za gauni nilizinakili nikampelekea Mama Tumaini, na gauni lilipoletwa, Bibi aliniuliza nani amempima. Nikasema ni mimi. Akaniuliza kama alikuwa amelala. Nikasema alikuwa amesimama, ameshika mlango. Aliniangalia sana, akaenda zake jikoni, na sikupigwa.

Pasaka Mama aliimba. Beti mbili kwa miguu yake, wa tatu ameketi, baba akiwa dirishani kwa nje, viatu vimejaa matope. Wiki chache baadaye alirudi kulala kitandani, na hakuinuka tena. Kahawa ilikuwa inaiva. Siku hizo zote nilijua jambo moja tu, kwamba nimemuua mama kwa uzi wa magunia. Sikumwambia mtu. Usiku niliuona uzi ule, na mchana niliokota buni kimya, nikingoja siku nitakayotajwa.

Alikufa Jumanne. Seremala alikuja asubuhi na fito begani, nami nikasimama karibu na mlango wa jikoni. Bibi alimzuia pale pale alipomzuia fundi.

"Weka fito chini, baba. Huyu hapimwi."

Akatoa kitabu cha nyimbo kwenye mkunjo wa khanga, kimefunguliwa ukurasa wa nyuma. "Aliniachia mwenyewe. Urefu wake ni huo wa mwisho." Kisha, kwa sauti niliyojua ni ya kunifikia mimi jikoni, akasema, "Mjukuu wangu alimpima. Alipimwa amesimama."

Seremala alisoma mwandiko wangu wa darasa la nne, akaunakili kiganjani kwa penseli iliyokuwa sikioni mwake, akaondoka.

Bibi aliendelea kuwakataza mafundi kupima wagonjwa hadi alipozeeka akafa, kwa hiyo siwezi kusema aliuacha mwiko wake. Wala siwezi kusema imani ya mama ilimponya. Ilimpa kusimama, kwa muda wa kupima kifua, kiuno, na urefu, na kwa beti mbili. Gauni la kuimbia na sanduku la kuzikiwa aliyapimia siku moja, kwa pumzi moja, akayaacha yote kwa Mungu bila kumwambia achague lipi.

Kitabu ninacho. Siku nikichoka kweli hukifungua nyuma, nikazitazama namba zangu zilizopinda. Ile ya mwisho nimeikandamiza mno, karatasi imetoboka kidogo. Najua ni kwa sababu Mama alikuwa anatetemeka, na nilitaka tumalize apate kulala.