Nyuki Ndani, Ufunguo Ndani: Siku Mama Usikimbie Alipofungiwa Nje ya Gari Lake

Saa mbili asubuhi, na nusu ya mtaa imeshajipanga ng'ambo ya barabara kutazama. Juu ya ngazi amesimama mwanamke wa miaka hamsini na kitu, suruali nyeupe iliyopauka, mabuti ya mpira, kofia yenye wavu usoni. Anapenyeza kisu kirefu nyuma ya ubao wa dari na kukata polepole, huku akivumisha wimbo wa kubembeleza mtoto. Sega la kwanza linatoka likiwa limefunikwa na nyuki pande zote mbili. Mwenye nyumba anapiga ukelele mmoja, na watazamaji wanatimua mbio.

"Usikimbie!" anafoka kutoka juu. "We baba, usikimbie! Ukikimbia wanadhani umewaibia!"

Mwenye nyumba hasikii. Yuko mbali. Mwandishi wa makala haya, aliyevalishwa vazi la kujikinga linalomzidi saizi mbili, hakukimbia, ila ukweli usemwe: miguu ndiyo iliyogoma.

Kwa sababu ya neno hilo, mji mzima unamwita Mama Usikimbie. Jina la kuzaliwa anasema wanalijua mama yake na watu wa benki, "na wa benki siku hizi wamelisahau."

Kazi yake ni kuwatoa nyuki kwenye kuta, dari na mabomba ya majumba ya watu, wakiwa hai, na kuwapeleka kwenye mizinga yake nje ya mji. Akipata kazi tatu kwa wiki, wiki hiyo imekuwa njema. Zamani aliuza nguo za mitumba, hadi nyuki walipohamia ukuta wa kibanda chake naye akamwita mpiga dawa.

"Walikufa wote," anasimulia. "Nilifagia nyuki asubuhi nzima. Halafu asali iliyobaki ukutani ikaoza, sisimizi wakaja, harufu ikaja, wateja wakaondoka. Nikajiuliza, hivi mimi nimelipa ili nipate nini?"

Akajifunza kufuga. Alivimba uso mara nyingi kiasi kwamba mjukuu wake mmoja alidhani bibi ana sura mbili. Lakini akafuzu.

Tatizo ni kwamba watu wengi bado wanaona kumwita mpiga dawa ni rahisi zaidi. Anakuja na bomba lake mgongoni, anapuliza, anaondoka. Mama Usikimbie anakuja na ngazi, moshi, maboksi na maneno mengi. Ndiyo maana siku ile ya zahanati ya wazazi ilikuwa, kwake, siku ya kufa au kupona.

Kundi kubwa la nyuki lilikuwa limejenga ndani ya ukuta wa wodi, chini kidogo ya dirisha wanapolala akina mama waliojifungua. Metroni, mwanamke mrefu asiyetabasamu bila sababu, alikuwa ameshamwita mpiga dawa. Mama Usikimbie alipopata habari alikwenda kumsihi. Alimwambia dawa ile ingepenya hadi kwenye vitanda vya watoto wachanga.

"Nilimwambia sawa, nakupa asubuhi moja," Metroni anakumbuka. "Wakitoka hai na hakuna mzazi aliyeumwa, kazi ya zahanati zetu zote nne ni yako. Wakinisumbua, mpiga dawa huyo hapo getini."

Na kweli alikuwa getini. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi, bomba lake katikati ya magoti, anakunywa soda.

Asubuhi hiyo mambo yalikwenda kama maji mtelemkoni. Ukuta ulifunguliwa, masega yakakatwa, malkia akaonekana na kuingizwa kwenye boksi, na raia wake wakamfuata. Mama Usikimbie akalipakia boksi kwenye kiti cha nyuma cha gari. Akatupa simu kiti cha mbele, mikono ikiwa imejaa asali, akarudi mara moja tu kuziba ufa wa ukuta. Mikanda ya boksi angekuja kuikaza baadaye.

Hapa inabidi lielezwe gari. Ni gari dogo la umeme, la mkono wa pili, ambalo binti yake mkubwa alimtafutia baada ya pikapu yake ya zamani kugoma kabisa. Halina ufunguo wa kuchomeka. Ufunguo wake ni simu: ukisogea nayo linafunguka, ukiondoka nayo linajifunga lenyewe. Lilikuja pia na kadi ya akiba, nyembamba kama ya benki, ya kufungulia mlango siku simu ikileta matata.

Kadi hiyo ilikuwa wapi? Anapoulizwa swali hili, Mama Usikimbie anajifunika uso kwa kiganja.

"Kwenye droo ya gari, mwanangu. Niliiweka humo isipotee."

Na haikupotea?

"Haikupotea hata kidogo."

Chaji ya simu ilikuwa ukingoni. Ikajizimia baadhi ya kazi zake ili ijiokoe, na gari likadhani mwenyewe ameondoka. Likalia tii, vioo vya pembeni vikajikunja, milango ikajifunga. Mama Usikimbie alisikia mlio ule akiwa na plasta mkononi.

"Nilivuta mlango. Kimya. Nikavuta wa pili. Nikalizunguka lile gari kama mwendawazimu. Halafu nikachungulia ndani, nikamwona nyuki wa kwanza kwenye kioo."

Kifuniko cha boksi kilikuwa kimefunguka upande. Nyuki walikuwa wanatoka, tena kwa wingi, na jua lilikuwa linapanda. Gari lililofungwa juani ni tanuri. Masega huyeyuka, nyuki hujipepea hadi nguvu ziwaishie, na kundi zima hufa.

Watu walijaa, na penye wengi pana mengi. Huyu alisema gari lisukumwe kivulini, lakini magurudumu yalikuwa yamejifunga. Yule alisema livunjwe kioo.

"Vunja wewe," mlinzi alimjibu, akirudi nyuma hatua kadhaa. "Mimi nitakutazamia nikiwa nyumbani."

Hoja hiyo ilikubalika na wote. Kioo kikivunjwa, maelfu ya nyuki wenye hasira wangemwagika mbele ya dirisha la wodi ya wazazi. Mpiga dawa aliweka chupa yake ya soda chini. Alisimama, akajifunga mikanda ya bomba, akamwambia Metroni kwa upole kwamba yeye yuko tayari, akiambiwa tu.

Metroni alitazama gari. Akamtazama Mama Usikimbie.

"Mama, nifanyeje?" aliuliza.

"Nilitaka kulia," anasema Mama Usikimbie. "Si kwa ajili ya gari. Nilikuwa nimewaahidi wale nyuki. Utacheka, lakini ukimtoa kiumbe kwenye nyumba yake, umemwahidi kitu."

Aliomba simu ya mlinzi ampigie binti yake. Kidole kikabaki hewani, kwa sababu namba ya binti hakuijua kwa kichwa. Namba za watoto wote watatu zilikuwa ndani ya gari pamoja na nyuki. Namba pekee iliyokuwa kichwani mwake ilikuwa ya mwanamume waliyeachana naye miaka tisa iliyopita.

"Namba niliyoikariri enzi za mapenzi," anasema, na kucheka hadi wavu unatikisika. "Nikasema, liwalo na liwe."

Mtalaka akapokea. "Heee! Leo umenikumbuka?"

"Sijakukumbuka wewe, nimekumbuka namba yako. Nipe ya binti yetu mkubwa, haraka, nyuki wanakufa!"

Kwa heshima yake, yule bwana hakuuliza swali la pili. Alitaja namba, akamalizia kwa kusema, "Usikimbie, mama watoto." Mama Usikimbie anasema hiyo ndiyo kauli ya maana kuliko zote alizowahi kumpa.

Binti alikuwa kazini. Alimweleza mlinzi aingize programu ya gari kwenye simu yake, kisha waingie kwa namba ya mama. Walifanya hivyo. Programu ikajibu kwamba imetuma namba ya siri ya tarakimu sita kwenye simu ya mwenye gari.

Ndani ya gari, simu ikalia tingi.

"Watu walicheka," anasema mlinzi. "Mimi mwenyewe nilicheka. Ni kama kumwuliza mtu aliyefungiwa ndani ya kisanduku ufunguo wa kisanduku uko wapi."

Lakini Mama Usikimbie hakucheka. Simu ilikuwa imelala chali, na kwa sababu ya macho yake aliiwekea maandishi makubwa ambayo wanawe humtania nayo kila siku. Namba ilikuwa imeandikwa pale pale kwenye kioo cha simu, wazi kama bango. Alibandika uso dirishani. Alichokiona ni migongo ya nyuki. Simu ilikuwa imepakwa asali ya mikono yake mwenyewe, nao walikuwa wameifunika yote wakiilamba.

"Usijaribu kubahatisha, mama," binti alionya. "Ukikosea hata mara moja inajifunga mpaka kesho."

Kesho nyuki wangekuwa wamekufa.

Aliyejitokeza ni dobi wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye mikono ya chuma. Alikuja na beseni la mashuka mabichi, yaliyotoka kusuuzwa.

"Mimi mambo ya simu siyajui," alisema. "Lakini hao viumbe wana joto. Tuwafunike."

Akaanza kutandaza mashuka juu ya gari, maji yakichuruzika. Wauguzi wakamsaidia. Shuka moja likafunika kioo cha mbele, mengine paa na milango, hadi yakaisha, na kioo cha nyuma kikabaki wazi. Haukupita muda mrefu, mlinzi akapayuka: "Jamani, tazameni! Wanahama!"

Nyuki walikuwa wanamiminikia kioo cha nyuma, kwenye mwanga.

"Nikajipiga kofi la paji la uso," Mama Usikimbie anasema. "Nyuki gizani anafuata mwanga, mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua! Hofu ilikuwa imenifuta kichwa chote. Nilimkumbatia yule dobi mpaka akaniambia nimwachie, anaumia."

Akajitumbukiza chini ya shuka la dirisha la mbele, akaziba mwanga kwa mwili wake, na kumwamuru mlinzi aombe namba nyingine. Tingi. Simu ikawaka gizani. Nyuki walikuwa wameiacha, wote isipokuwa wachache.

Alisoma kwa sauti, na mlinzi akaandika. Saba. Moja. Moja. Tisa. Sifuri.

"Ya mwisho?" mlinzi aliuliza.

"Kuna mmoja ameikalia."

"Mwambie aondoke!"

"Haondoki. Ni tatu au nane. Amekaa upande wa kushoto."

Wazazi walikuwa madirishani na vichanga vyao mabegani. Mama Usikimbie aligonga kioo cha dirisha kwa ukucha, taratibu, usawa wa yule nyuki. Kioo cha simu kilianza kufifia. Akagonga tena. Nyuki akageuka, akatembea hatua mbili, akaruka kuelekea kwa wenzake.

"Nane!" ilisikika sauti kutoka chini ya shuka. "Ni nane! Weka nane!"

Mlinzi akabonyeza. Vioo vya pembeni vikakunjuka, taa zikapepesa, milango ikafunguka. Vigelegele vilivyopigwa siku ile, anasema Metroni, viliamsha watoto wote wa wodi, na hakuna mama aliyelalamika. Mlinzi aliinua simu yake juu akitangaza kwamba kuanzia sasa gari ni lake.

Mama Usikimbie aliingia ndani peke yake na kufunga mlango nyuma yake. Alilinyanyua boksi hadi kwenye mwanga, akalifungua kidogo, akangoja. Malkia alikuwa mzima. Mmoja mmoja, kisha kwa mamia, nyuki wakarudi ndani. Safari hii akakaza mikanda.

Mpiga dawa ndiye aliyemsaidia kurudisha ngazi garini. "Mimi pia ningependa kujua ile ya mwanga," alisema, kisha akachukua bomba lake na kwenda zake.

Leo, baada ya kumaliza dari la asubuhi, Mama Usikimbie anatupeleka nje ya mji, kwenye mteremko ilikopangwa mizinga yake. Dobi yuko naye. Siku ambazo hana zamu hufuatana naye kujifunza kazi. Anapoulizwa kama haogopi, anashangaa.

"Mtu aliyefua mashuka ya leba miaka kumi na sita, nyuki atamtisha na nini?"

Mpango wao ni kuwafundisha wanawake wengine watano, na kuwa na gari la pili. "La ufunguo wa kuchomeka," dobi anasisitiza. Mama Usikimbie anamkatalia. Lile dogo analipenda, ila siku hizi kadi ya akiba anaivaa shingoni.

Anafungua mzinga wa nyuki wa zahanati. Sega jipya ni jeupe, na vyumba vyake vimejaa watoto wa nyuki. Wakati analiinua tulione vizuri, simu yake inaita. Ni Metroni. Anamwashiria dobi abonyeze, na sauti inasikika wazi hadi kwetu tuliosimama mbali.

"Kuna kundi kwenye dari la zahanati ya pili, juu ya chumba cha chanjo. Mganga mkuu wao ni mgeni, ameshaita dawa."

Mama Usikimbie anarudisha sega mahali pake. "Mwombe anisubiri, Metroni. Tafadhali mwombe. Natoka huku sasa hivi."

"Sikumwomba," Metroni anajibu. "Nimemwambia mtu wangu anakuja, na dawa haigusi ukuta wetu tena. Njoo polepole. Wanakungoja."