Shati Lililopandisha Mikono Lenyewe

Mtaani walimwita Chemchemi, jina alilopewa kwa ajili ya jasho. Watu wengine hutoka jasho wakibeba mzigo. Yeye alitoka jasho akifikiria tu kuubeba. Shuleni, karatasi zake za mtihani zilimfikia mwalimu zimelowa kana kwamba zimeopolewa mtoni. Ukubwani alipata kazi ya kuhudumu hotelini, akadumu nayo mpaka siku tone moja lilipomponyoka puani na kutua ndani ya supu, mteja mwenyewe akilitazama linavyoshuka. Akaenda kujifunza ufundi wa saa. Saa za watu zikashika kutu. Mke wake, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno, alikuwa akiwaambia mashoga zake kwamba ameolewa na mwanamume mmoja na ndoo mbili.

Huyo mke ndiye aliyesikia redioni kwamba kituo cha utafiti wa vitambaa kinatafuta watu wanaotoka jasho upesi. Chemchemi alidhani anataniwa, akaenda shingo upande. Ofisi ya mhandisi ilikuwa ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa mbovu. Alipofika mlangoni, kabla hata hajabisha hodi, mhandisi, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vidimbwi viwili vilivyokuwa vikijitanua sakafuni pembeni ya viatu vyake. Kisha akageuka na kumwambia katibu wake kwamba wale waliobaki kwenye foleni wanaweza kwenda nyumbani.

Basi akaajiriwa kutoka jasho. Kila asubuhi alivishwa nguo mpya, akabandikwa vipimo vidogo kama vifungo mgongoni na kwapani, akaingizwa kwenye chumba cha joto chenye dirisha la kioo, akatembea juu ya mashine isiyomfikisha mtu popote. Upande wa pili wa kioo mhandisi alikaa akitazama mistari ikipanda na kushuka kwenye kompyuta. Mwanzoni Chemchemi aliona haya, lakini haya nayo ilimtoa jasho, na mhandisi akampongeza.

Si kila nguo ilikuwa na heri. Kulikuwa na fulana iliyopakwa dawa ya kuzuia maji: kweli mvua haikuingia, lakini na jasho halikutoka. Lilijikusanya kiunoni, likapata njia ya suruali, na jioni hiyo Chemchemi alirudi nyumbani viatu vikipiga kelele kama vyura. Kukaja nyingine iliyofumwa kwa nyuzi zinazoua harufu. Hiyo ilifanya kazi barabara, kiasi kwamba mbwa wao mwenyewe alimzuia getini.

Halafu likaja shati la buluu.

Mhandisi alimweleza kama unavyomweleza jirani. Kila uzi wa shati lile ulikuwa na pande mbili za polima, yaani plastiki laini ya kufumika; ukipata joto, upande mmoja unarefuka na mwingine unagoma, kwa hiyo uzi unajikunja. Mwili ukichemka, vitundu vya kitambaa vinafunguka, jasho linakauka, na mikono ya shati inajipandisha yenyewe ili upepo uingie. Mwili ukipoa, kila kitu kinarudi mahali pake. Chumbani lilikuwa limefanya vizuri mno. Sasa alitaka lijaribiwe kwenye maisha ya kawaida, mwisho wa juma mzima: kukaa, kula, kuzungumza, huku vipimo vilivyoshonwa kwenye pindo vikimtumia takwimu. Alimkataza mambo matatu: asilifue, asilipige pasi, asimpe mtu mwingine kulivaa.

Chemchemi alikubali bila kukumbuka kwamba mwisho wa juma huo ndio wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja. Binti yake alikuwa amechumbiwa, na wazazi wa kijana walikuwa hawajawahi kukanyaga pale. Mke alipoliona lile shati Jumapili asubuhi alimwomba avae jeupe la harusini. Akakataa. Alikuwa amelivaa tangu Ijumaa na, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mgongo wake ulikuwa mkavu. Alikuwa akijipapasa kila mara kuhakikisha. Alisema lile jeupe litalowa kabla wageni hawajakaa, na yeye amechoka kupeana mikono na watu huku wakijifuta kwenye nguo zao.

Wageni walifika saa sita, jua likiwa katikati ya utosi. Baba wa kijana alikuwa mkaguzi mstaafu wa mizani, mtu wa maneno machache, aliyezoea kuingia madukani na kuwafanya watu wakumbuke dhambi zao. Alivaa koti zito, akalifunga vifungo vyote. Mkewe alikuwa mpole na alikula kila alichopewa. Walipokwisha kukaa umeme ukakatika, feni ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikasimama.

Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka mkaguzi alipouliza maharusi watakaa wapi. Kwa maoni yake walipaswa kukaa kwao, kwenye chumba cha uani. Chemchemi, ambaye binti alikuwa ameshamnong'oneza kwamba chumba hicho kinafugiwa kuku, alijibu kwa upole kwamba jambo hilo lingeachiwa vijana wenyewe. Mkaguzi akasema vijana hawajui kitu. Na hapo, mikono ya Chemchemi ikiwa imetulia juu ya magoti, mikono ya shati ikaanza kupanda.

Ilipanda taratibu, kwa heshima, ikaviacha viganja, ikakaribia viwiko. Mke wa mkaguzi akaacha kutafuna. Mkaguzi alikunja uso. Maishani mwake alikuwa ameona watu wengi wakipandisha mikono ya shati kabla ya kupigana, ila hakuwahi kuona shati likipandisha lenyewe.

"Mkwe," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nimekuja kwa amani."

Chemchemi aliapa kwamba na yeye ni mtu wa amani, akaushusha mkono wa kushoto. Ule wa kulia ukafika begani. Akaushusha huo, wa kushoto ukarudi. Aibu ikamzidishia joto, joto likazidishia shati bidii, na pindo la mbele nalo likaanza safari kuelekea juu, mpaka kitovu chake kikawa kinawatazama wageni. Binti aliingia na sinia la vinywaji, akaona, akageuka na sinia lake. Mama yake alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga na mabega yakimtikisika.

Hapo Chemchemi alisalimu amri. Akasimama, kitovu nje, akawaeleza kila kitu: kazi yake, chumba cha joto, nyuzi zinazojikunja, supu ya hotelini, hata saa zilizoshika kutu. Alisema kama wanaona aibu kumwoza kijana wao binti wa mtu anayelipwa kutoka jasho, waseme sasa, maana yeye hana kazi nyingine na haitamani.

Mkaguzi alimkazia macho, kisha akauliza swali moja tu.

"Ndani ni pakavu?"

Chemchemi akamwambia ashike mgongo ahakikishe mwenyewe. Mkaguzi akainuka, akapapasa mgongo ule kwa makini ya mtu anayekagua mizani ya muuza nyama. Kisha, polepole, akafungua vifungo vya koti. Shati lake la ndani lilikuwa limelowa chapachapa na kumganda kama ngozi ya pili. Mke wake akaeleza, bila kuulizwa, kwamba miaka yote ya kazi mume wake alivaa koti ili watu wasione, na kwamba nusu ya ukali wake ilikuwa joto.

Wanaume wawili wakaingia chumbani na kufunga mlango. Katazo la mhandisi Chemchemi alilikumbuka vizuri, lakini alikuwa ameuona uso wa mwenzake. Walipotoka, yeye amevaa lile jeupe la harusini, na mkaguzi amevaa la buluu. Mkaguzi alikuwa mnene kumzidi. Shati lilimwonea huruma kwa muda mfupi, kisha likapanda lote mpaka chini ya kifua na kukaa hapo. Tumbo lilibaki peupe, likipunga hewa. Mke wake alicheka mpaka akateleza kwenye kochi. Mkaguzi mwenyewe alikaa chini, akavuta pumzi ndefu, akaomba maji ya baridi na kusema kwamba kwa kweli chumba cha uani kina kuku.

Jumatatu Chemchemi alipanda ghorofa nne akijua anakwenda kufukuzwa. Mhandisi alikuwa tayari ameziona zile takwimu, akauliza ni nini kilichotokea Jumapili mchana, maana mwili uliovaa shati ulinenepa ghafla. Alimwambia ukweli wote. Mhandisi alivua miwani, akafuta macho, akamgombeza sawasawa kwa kumwharibia kazi ya wiki nzima. Alipomaliza akamuuliza huyo mkwe anapatikana wapi.

Shati la buluu halikufika madukani. Lilirudishwa kwenye meza likafunzwe kutopita kiwiko. Harusi ilifanyika, vijana wakapanga nyumba yao mbali na kuku. Na siku hizi ukipita mbele ya kile kioo utawaona wazee wawili juu ya mashine mbili, wanatembea bega kwa bega bila kufika, wanabishana mjukuu mtarajiwa aitwe nani, na mhandisi anagonga kioo kuwaomba wanyamaze, kwa sababu wakikasirika mistari inatoka nje ya kompyuta.