Niliandika "wana panga", nusura nimuue shujaa wa mtu

Wakuu, kwema?

Hili limetokea barazani kwangu, Raskazone, na kosa ni langu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kulitia chumvi.

Kwa wasioijua gemu hii: mnakaa mezani, kila mchezaji ana shujaa wake wa kubuni. Msimulizi anaeleza kilichopo, wachezaji wanasema mashujaa wao wanafanya nini, dadu zinaamua. Msimulizi wetu ni mimi.

Mji wa gemu nimeujenga kwa kuazima magofu ya Tongoni. Msikiti wa mawe, makaburi ya nguzo, watu wa zama zile na mikuki na majambia yao.

Wachezaji ni wawili. Bakari analima Mwera. Mwanahamisi ni fundi cherehani, na shujaa wake, Binti Shomari, amemlea mwaka mzima. Kwetu shujaa akifa hafufuki. Karatasi yake inachanwa.

Jumapili moja baada ya alasiri, Binti Shomari akafika lango la mji. Nikawapa maelezo niliyoandika: "Askari wa lango wana panga."

Mwanahamisi akasoma. "Nasimama hatua mbili mbele ya mkubwa wao, namtukana."

Nikarusha dadu. "Amekuchoma kifuani. Umekufa, dada."

"Kanichoma na nini?"

"Na upanga."

"Upanga umetoka wapi? Umeandika panga. Panga halichomi, linafyeka."

Bakari akacheka. "Kaka, hapo umekoroga. Mie nikisikia panga namwona mtu yuko kwenye minazi yangu."

Nikaishika ile karatasi, nikaisoma upya. Mimi nilikusudia upanga mmoja, panga nyingi. Yeye kasoma panga moja, mapanga mengi. Ningeandika "panga zao ndefu" yasingetokea.

Na tofauti si ya sarufi tu, wakuu. Panga la shamba ni fupi na pana, uzito wake uko mbele ili likate kwa kishindo. Upanga wa vita ni mrefu, una ncha, na uzito umekaa karibu na mpini, ndiyo maana unageuka upesi mkononi. Gemu nyingi zinaufanya mzito kama nondo. Ungekuwa hivyo, nani angepigana nao hata robo saa?

Tukapima. Panga la Bakari lilikuwa kwenye baiskeli, tukakata fimbo ya urefu wake. Kwa hatua mbili haikumgusa Mwanahamisi. Mti wa ufagio, badala ya upanga, ukamfika kifuani.

"Sheria naijua," akasema taratibu. "Kama kafa, chana. Ila Binti Shomari ana macho. Huo upanga angeuona kabla yangu."

Alisema kweli. Shujaa anaona, mchezaji ana maneno yangu tu. Nikalifuta lile pigo, nikamrudisha pale pale kabla ya matusi, safari hii upanga ukionekana wazi.

Mwanahamisi akasema, "Basi narudi nyuma. Nitamtukana nikiwa mbali."

Nimejifunza kwamba uhalisia wa silaha unaanza kwenye maneno ya msimulizi. Siku hizi nataja urefu na ncha kwanza, dadu baadaye.

Mnaosimulia kwa Kiswahili, nyie silaha hizi mnazitofautishaje mezani? Na wewe unayetamani kuanza lakini unaona haya, uliza hapa hapa. Sote tulianza bila kujua.