Wimblecott wa Kianjai na Wimblecott wa Kiambere

Niliondoka nyumbani kwa sababu binti yangu alitaka kuolewa na kijana mwenye jina letu. Kama jina lingekuwa Mutwiri au Njeru, hakuna ambaye angeuliza. Akina Mutwiri wamejaa Meru kama mawe. Lakini sisi ni akina Wimblecott. Ndiyo, Wimblecott, hapa Kianjai, ambapo nauza dawa za mifugo na wateja huniita Koti kwa kuwa sehemu ya kwanza ya jina huwashinda.

Makena alimpata huyo kijana chuoni Embu. Mwalimu aliita majina, "Wimblecott!" na watu wawili wakaitika. Akamleta nyumbani Jumapili moja: kijana mpole, aliyenyoa vizuri, akasalimia kila mtu kwa mikono miwili. Kisha akajitambulisha. "Naitwa Ireri Wimblecott, natoka Kiambere."

Kaka yangu Mwiti, ambaye tangu baba afariki ndiye msemaji wa familia, hakimu wake na mtabiri wake, aliweka kikombe chini.

"Hao ni ndugu," alisema. "Harusi hakuna."

Nilitafuta jina kwenye simu. Tovuti moja ya Waingereza ilieleza kwa fahari kwamba lilitoka katika kijiji kidogo ambacho hakipo tena, na kwamba siku hizi wenye jina hilo huko kwao ni wachache mno, karibu kwisha. Niliwahurumia. Sisi wa boma moja tu tunajaza mabenchi matatu ya kanisa. Lakini hapo ndipo hoja ya Mwiti ilipozidi nguvu: jina adimu hivyo hata kwa wenyewe, lingefikaje Meru na Embu bila damu moja? Tena kulikuwa na jambo ambalo wazee hawakupenda kulitaja. Babu yetu M'Ikiara, aliyelileta jina hili nyumbani, ujanani alipotelea huko chini karibu na mto Tana, upande wa Kiambere, kwa miaka kadhaa. Mwanamume kijana, mbali na kwao, miaka kadhaa. Kila mtu alijua kuhesabu.

Alhamisi alfajiri, nilipoondoka kwenda kuwauliza wazee wa pande zote mbili, Makena alinisindikiza hadi kwenye gari.

"Baba, na kama ni kweli?"

"Kama ni kweli utalia, na mimi nitalia na wewe."

Hakucheka. Wala sikuwa nimefanya mzaha. Mwiti alikuwa ameshika usukani tayari. Alisisitiza twende na gari lake, yeye mwenyewe akiendesha, ili, kama alivyosema, ukweli usipotee njiani.

Saa nne tulikuwa Kanyakine, kwa shangazi Nkirote, kitinda mimba wa babu, ndiye pekee aliyebaki kati ya watoto wake. Tulimkuta jikoni akimenya ndizi za kupika. Hakuacha kumenya.

"Hiyo jina?" alisema. "Baba alikuwa anabebea Mzungu mmoja mnyororo wa kupima mashamba. Mzungu ndiye alikuwa anaitwa hivyo. Siku ya kuandikwa kipande, kile kitambulisho cha wakoloni, karani akamuuliza, 'Wewe ni wa nani?' Baba akafikiri anaulizwa anafanyia nani kazi. Akasema, 'Wa Wimblecott.' Karani akaandika. Ndio hiyo ukoo yenu."

Mwiti, ambaye kwa miaka yote amekuwa akisimulia watu kwamba babu alipewa jina hilo kwa ushujaa, alitazama maganda ya ndizi kwa makini sana.

"Basi hakuna damu," nikasema.

"Damu ya Mzungu hakuna. Ya huko Kiambere mimi sijui." Shangazi akapunguza sauti. "Baba akizeeka, akisinzia kwa jua, alikuwa anaongea Kimbeere, lugha ya huko. Mimi sikuwa naskia. Niliskia tu jina moja, anaita, anaita. Nyaga."

"Nyaga ni jina la mwanamume," nikasema, nikishukuru.

"Mwanamume pia ni mtoto wa mtu," akasema Mwiti.

Shangazi alitupa mkungu wa ndizi tuwapelekee watu wa Kiambere. Alisema hata kama ni ndugu, watakula.

Kutoka Kanyakine hadi Embu, Mwiti alihubiri. Tulivuka mito yote ya upande huo wa Mlima Kenya, bonde baada ya bonde, na kila bonde lilikuwa na mfano wake wa familia iliyoangamia kwa kuvunja mwiko. Embu tulikula, na nikapata nusu saa ya amani kwa sababu kaka yangu hahubiri akitafuna. Baada ya Kiritiri joto likamnyamazisha kabisa. Migomba iliisha, ikaja miiba na mbuzi.

Saa tisa alasiri tulifika Kiambere. Nyumbani kwa akina Ireri pako juu kidogo ya bwawa la umeme, na nyaya nene za umeme zinapita juu ya paa kwa haraka ya kufika Nairobi. Nyanyake, Cucu Igoki, alikuwa ameketi kivulini akipepeta ndengu. Alitutazama, akatazama ndizi, akaangalia uso wangu tena.

"Nyinyi ni wa M'Ikiara," alisema.

Mwiti alinigeukia, na sura yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. Ilikuwa ya mtu aliyeogopa. Nilielewa basi kwamba naye alikuwa ameomba, safari nzima, awe amekosea.

"Cucu," nikasema, "Nyaga alikuwa mtoto wake?"

"Mtoto?" Mama huyo alicheka hadi ndengu zikamwagika. "Nyaga ni baba ya bwanangu! Walikuwa rika moja. Wote wawili walibebea huyo Mzungu mnyororo, wote wakaandikwa jina yake kama mbuzi. M'Ikiara akashikwa na homa ya huku kwetu. Mzungu akamwacha kwa njia, ati kazi inachelewa. Nyaga akambeba kwa mgongo mpaka hapa. Mama yake Nyaga akamtibu miezi miwili, na dawa ya mizizi na supu ya mbuzi."

Kumbe huyo Mzungu aliyemwacha ndiye bwana ambaye jina lake nimeliandika kwenye kila karatasi maishani mwangu.

"M'Ikiara akipona," Cucu aliendelea, "Nyaga akasema, wacha tuchanjiane, tuwe ndugu. Mbuzi ikaletwa, kisu ikaletwa."

Mwiti alishika paji la uso. Watu wakichanjiana damu, vizazi vyao ni ndugu, na ndugu hawaoani. Hilo halihitaji tovuti.

"Wakachanjiana?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"M'Ikiara alikataa."

"Alikataa?"

"Nyaga alikasirika sana. Lakini M'Ikiara akamwambia, 'Nikiwa ndugu yako, watoto wetu watakatazwa kuoana. Mimi sitaki ndugu, ninao. Nataka tuwe wakwe.' Akaahidi akipata msichana atamleta kwa kijana wa Nyaga. Akaenda. Hakurudi." Alianza kuokota ndengu, moja moja. "Mimi nikiolewa hapa, mzee Nyaga aliniambia, 'Mama, karibu, lakini ujue umekalia kiti ya msichana wa Meru.' Alinielezea sura ya M'Ikiara mpaka nikaijua. Alikuwa bado anangoja."

Kisha Mwiti akapiga magoti pale vumbini, mwanamume wa miaka sitini na mitatu, akamsaidia kuokota.

Nilimpigia Makena simu nikiwa pale pale. Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Kwa hivyo nilichumbiwa kabla wewe hujazaliwa?" Kisha akalia, na mimi nikatimiza ahadi yangu.

Tulilala Kiambere, tukarudi Ijumaa, buti ya gari imejaa ndengu na mtungi wa asali. Nilichojifunza si kingi. Jina letu ni la mtu aliyemwacha babu afe njiani, na hatutalibadilisha, kwa sababu karatasi ni nyingi mno na aliyelibeba vizuri ni babu, si yeye. Na nimejifunza kwamba mtu anaweza kukataa udugu kwa upendo.

Jumapili ukoo ulikutana. Mwiti alisimama, akasimulia habari ya homa, mbuzi na kisu, na wanawake wakapiga vigelegele. Kisha akamalizia kwamba yeye, tangu siku ya kwanza, alijua hawa watoto si ndugu.

Nilimwachia. Kiambere ni mbali, na ndiye aliyeendesha.