Kitanda cha Nne Kwenye Meli ya Mwanza

Admin, naomba unifichie jina. Na nyinyi wa Roret, mkinitambua, kaeni nayo tu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, naishi peke yangu na chai yangu kidogo na ng'ombe mmoja. Nina mtoto mmoja, nitamwita Chebet. Baba yake alihamia Soin akaoa huko, na hiyo si habari ya leo.

Miaka ya tisini, Chebet akiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, nilisikia kuna mama mwenye duka la nguo mjini Kericho anatafuta msichana wa kulea mtoto. Nitamwita Mama Kamau. Sharti lake lilikuwa moja: hataki msichana aliyezaa, kwa sababu hao kila wiki wanaomba ruhusa. Nikamwambia sina mtoto. Chebet nikamwachia mama yangu Roret. Kila Jumapili niliaga naenda kanisani, kumbe nakimbia nyumbani kumnyonyesha, halafu jioni narudi na uso wa mtu aliyetoka kuomba.

Mwezi wa pili wa kazi, Mama Kamau akaamua kwenda Mwanza wiki mbili kwa bwanake aliyekuwa akifanya kazi huko. Tungepanda meli Kisumu. Siku ya kukata tikiti alienda na mimi, mtoto wake Kamau nikiwa nimembeba mgongoni, akaniambia, "Wewe ndiye utalala na huyu, kwa hivyo wewe ndiye utachagua chumba."

Meli ilikuwa imetia nanga na karani alikuwa mtu mzuri, akaturuhusu kuangalia. Vyumba vya juu vilikuwa na vitanda viwili, dirisha kubwa na hewa safi. Lakini mlango ulifunguka moja kwa moja kwenye vyuma vya ukingoni, na kati ya vyuma mtoto angepita kichwa na mabega. Kamau alikuwa ameanza kukimbia, hakuna kitu hakupanda. Vya chini vilikuwa na vitanda vinne, joto na kelele ya injini, ila mlango ulitokea kwenye korido iliyofungwa. Nikasema tuchukue cha chini. Mama Kamau akacheka. "Haki wewe, mtu angedhani umezaa!"

Akalipia chumba chote ili wageni wasiingie. Kisha akanigeukia. "Sasa kitanda cha nne kinakaa bure. Kwani huna mdogo wako huko nyumbani? Si tumbebe acheze na Kamau?"

Ndugu zangu, hata uongo nilikuwa nimetengenezewa tayari! Ningesema ndiyo, ninaye mdogo wangu, na Chebet angepanda meli. Lakini nilijua akiniona tu atakimbilia titi mbele ya watu, na kazi itaishia hapo hapo. Nikasema, "Sina, mama." Karani akaandika tikiti.

Sijawahi kuwa mpweke kama usiku ule melini, na kile chumba kilikuwa na watu. Mama Kamau alikuwa ananiuliza kama nimekula, Kamau amelala kwenye mkono wangu, na maziwa ya Chebet yananitoka yanalowesha sweta ya mtoto wa mwenyewe. Nilienda kuyakamua kwenye sinki nikiwa nimefungua mfereji ili nisisikike nikilia. Niliporudi niliweka mfuko wa nguo kwenye kile kitanda cha nne. Halafu nikauondoa.

Nilipofika Roret baada ya wiki mbili, Chebet alijificha nyuma ya sketi ya mama yangu. Nilimpa titi akageuza uso. Mama akasema, "Alilia siku nne. Ya tano akanyamaza. Wewe mwache tu." Chebet akaendelea kumwita nyanyake mama, na mimi akaniita kwa jina langu, kama majirani.

Akiwa darasa la sita aliniuliza kwa nini nilipeleka mtoto wa watu kwenye meli nikamwacha yeye. Ulimi hauna mfupa. Nikamjibu, "Nilimwomba Mama Kamau, akakataa. Alisema hakuna nafasi ya mtoto wa mboch, mtoto wa yaya." Chebet alilia, akaniegemea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile safari. Siku hiyo akaniita mama. Mngekuwa mimi mngemwambia ukweli? Ule uongo ndio ulinirudishia mtoto, na miaka yote hii tumemchukia Mama Kamau pamoja, mimi nikijua hajanikosea kitu.

Sasa Mama Kamau ni mzee na ni mgonjwa sana. Kamau alinipigia akisema mamake anataka kuniona. Mpaka leo huyo mama hajui nilikuwa na mtoto. Kwa ujinga wangu nikamwambia Chebet habari ya hiyo simu, naye sasa ana mtoto wake wa mwaka mmoja.

Akasema, "Tutaenda wote Jumamosi. Nataka nimuulize mtoto kama huyu wangu angemaliza nafasi gani."

"Chebet, huyo ni mtu wa kitandani."

"Ndiyo maana naenda sasa, mum. Na huyu mtoto nitambeba amwone."

Anakuja Ijumaa alale kwangu ndiyo tuamke pamoja. Tangu ajifungue hajawahi kulala kwangu. Nimefua blanketi, nimewaachia kitanda changu, mimi nitalala chini.

Nishaurini. Nikimwambia Ijumaa, najua atafunga mtoto mgongoni aondoke, na sina mtu mwingine duniani. Nikinyamaza, mama wa watu atatukanwa akiwa hoi kwa kitu alichonipa nikakataa mimi. Wenye kunitukana, tukaneni, mna haki. Lakini mkimaliza, mniambie, nikikaa naye mezani hiyo Ijumaa, nianze na neno gani.